Kisanduku

Saa moja asubuhi, Tabata Kisiwani.
Turubai limeshafungwa, viti vinashushwa garini,
nami nimepiga magoti chini ya meza ya rambirambi
natafuta tundu la umeme lisilocheza.

Kamera mbili. Nyaya mbili za HDMI:
mmoja mpya, wa mita tano, wa Mtaa wa Aggrey,
mwingine nimeufunga plasta shingoni kama majeruhi.
Na bodi ya kunasa picha, ndogo kama kiberiti,
inayopata moto kabla haijafanya kazi,
kama vijana fulani ninaowajua.

Zuberi anawasha. Skrini nyeusi.
Anachomoa, anachomeka. Nyeusi.
Anapuliza tundu. Nyeusi,
na maneno mawili katikati: hakuna ishara.

Acha nguvu, namwambia, hapa pana adabu.
Kamera haiingii nyumba isiyoijua.
Inasimama mlangoni, inapiga hodi,
na bodi inapaswa kuitikia: karibu,
napokea upana huu, kimo hiki,
fremu ishirini na tano kila sekunde,
zaidi ya hapo sina pa kukuketisha.
Bodi ikikaa kimya, kamera haimwagi picha gizani.
Inabaki nje na kapu lake.

Basi nazima vyote.
Bodi iamke kwanza, ndiyo mwenye nyumba.
Naiandikia karibu yake, mstari baada ya mstari,
jasho likinidondokea kwenye kibodi,
ndipo nawasha kamera.
Ya kwanza inaitika. Ya pili ina makuu,
inataka kutuma picha mara nne ya uwezo wetu;
naingia kwenye menyu, naishusha, inanuna, inakubali.

Kwaya wanajaribu. Sauti inafika kabla ya midomo.
Naichelewesha sehemu ya nane ya sekunde
hadi neno na mdomo vinakutana.

Saa nne mwili unaingia.
Juu ya jeneza, picha ya Mwalimu Subilaga,
blauzi ya maua, tabasamu la mtu aliyeambiwa asitabasamu.
Sikumfahamu. Nimeambiwa alifundisha hesabu
na kwamba nusu ya waliobeba jeneza
walishasimamishwa naye nje ya darasa.

Navuta karibu. Na hapo
kamera, ambayo haijui msiba,
inayojua macho mawili, pua na mdomo tu,
inachora kisanduku cha kijani kuuzunguka uso wake.
Pembeni, juu ya nywele: betri, robo tatu.

Nilisahau kuzuia maandishi yasipite kwenye waya.
Ukurasa wa nne wa menyu, mstari wa mwisho.
Jambo la sekunde tano.

Simu inatetema. Ni Ambakisye, mwanawe wa mwisho,
yuko Guangzhou, kule ni saa tisa alasiri,
viza yake ina neno moja lililokosewa.
Dada wa kamera, anaandika, hicho kisanduku ni cha nini?

Naandika: samahani, naondoa sasa hivi.
Nafuta.
Naandika: kamera ikiona uso
inaushika hivyo, usiipotee.

Vile vinukta vitatu vinacheza, vinatulia, vinacheza tena.
Mchungaji amefika kwenye wasifu,
mwaka wa kuzaliwa, shule ya kwanza, ya pili.
Zuberi ananiangalia, ananionyesha skrini kwa kidevu:
dada, huoni?

Naona.

Kiache kidogo, anaandika Ambakisye.

Nikakiacha. Watu wakapita kuaga,
na kila bega lilipokatiza, kisanduku kilipotea,
kikarudi palepale, bila kukosea,
kama aliyehesabu viti vyote na kujua chake.

Nilikizima walipoliinua lile jingine, la mninga.
Betri ilikuwa imebaki robo.