Vema na Mkasi

Vitabu vya majibu mia moja na sita,
na umeme umekatika tangu saa mbili.
Julai ya Tabora haina huruma na mifupa:
baridi inapita chini ya mlango wangu hapa Cheyo
kama mkaguzi asiyebisha hodi,
inanipima goti, inanipima nyonga,
inaandika.

Damu yangu ina mundu, Bwana.
Unajua. Ndiwe uliyeufua.
Mundu usiovuna, unaokata njiani tu.

Kalamu nyekundu naishika kwa vidole viwili,
cha tatu kimegoma.
Swali la kwanza, vema.
La pili, jibu si lenyewe; nusu alama kwa njia.
La tatu, mkasi.
Tangu utotoni tunauita hivyo, mkasi,
kwa kuwa unakata.
Sikuwa nimeona hadi leo, kwa tochi ya simu,
kwamba ni msalaba uliochoka kusimama wima.

Nafundisha uwezekano.
Nasimama ubaoni, mkono mmoja juu ya meza,
wasijue meza ndiyo inayonisimamisha,
nawaambia: tukio kuwa adimu si muujiza.
Nawaambia kwa sauti kavu.
Siwaambii kwamba daktari alimwambia mama,
"Huyu kumi hafiki,"
na mama akanifunga mgongoni, akatembea hadi kanisani,
akaketi benchi la nyuma.
Hakuomba. Alikaa tu.

Nina arobaini na moja.

Shija alikuwa na tisa.
Damu ileile, baridi ileile,
mgongo uleule, benchi lilelile.
Wachungaji wananiita ushuhuda.
Na Shija mnamwitaje?

Wengine waliitwa kwa sauti, usiku, kwa majina yao.
Mimi niliitwa kwa barua yenye mhuri na namba ya kumbukumbu,
niripoti kazini ndani ya siku kumi na nne.
Na hesabu sikuziendea kwa kipaji. Niliziendea kwa ugomvi.
Nilitaka kuliona lile jedwali
ambamo mmoja hubaki na mwingine huondoka,
nikukute pembezoni mwake, nikuulize.
Miaka ishirini. Jedwali sijalikuta.
Wanafunzi nimewakuta.

Kitabu cha tisini na tatu. Nyanzala Kapuli.
Swali la kwanza, tupu. La pili, tupu.
Chini kabisa, kwa penseli:
"Mwalimu, baba tumemzika Sikonge Jumapili.
Namba naziona zinatembea.
Samahani kwa karatasi."

Samahani kwa karatasi!

Stesheni, treni ya Kigoma ikapiga honi,
imechelewa kama kawaida yake.
Nikawaza: alama kumi tu, nani atajua?
Nikawaza: Wewe.
Kisha nikawaza: na yeye.
Atajua siku atakaposimama ubaoni kwake,
akanyage pale palipostahili msingi
akute nilimwagia huruma yangu,
tamu kama asali ya porini,
isiyobeba nyumba.

Nikaandika sifuri. Duara lilitetemeka,
sijui kwa baridi au kwa nini.
Pembeni nikaandika: Pole sana, Nyanzala.
Omba mtihani maalumu, Septemba.
Njoo ofisini Jumatatu, tuanze na swali la kwanza.
Nitakuwepo.

Nikalitazama neno hilo, nitakuwepo.
Nani kaniruhusu kuliandika,
mimi wa uwezekano, mimi wa kumi hafiki?
Sikulifuta.

Vimebaki kumi na vitatu.
Goti linauma kweli sasa, silifichi, hakuna darasa hapa.

Siku utakapofungua kitabu changu, Bwana,
sitaomba alama za bure.
Palipo na mkasi, weka mkasi.
Shija nitamuulizia palepale, usidhani nimesahau.
Lakini usikifunge kimyakimya.
Andika kitu pembeni,
hata kwa penseli.