Ishirini Tu

Saa nane usiku, Kondele, mfumo wa zahanati umekwama tena.
Ukurasa wa maabara umejifungulia mlango wake wa hifadhidata,
wa dawa wake, wa malipo wake,
na hakuna hata mmoja uliokumbuka kuufunga.
Hifadhidata imesema basi.

Apondi hakulaumu mtu.
Alisogeza kikombe cha chai iliyopoa,
akafuta mistari ileile katika kurasa thelathini na saba,
akaandika mmoja, mahali pamoja, pale seva inapoamka:
miunganisho ishirini, ya wote.

"Nguo ya kuazima," nikamtania, "haisitiri matako."
"Hii itasitiri. Mradi ukimaliza uivue."
Akanionyesha mstari wa chini kabisa,
ule unaotekelezwa hata kosa likitokea:
rudisha.

Kumekucha. Foleni imefika langoni.
Maabara inaazima wa saba, inaurudisha;
duka la dawa linauchukua ungali na joto.
Mtoto anapimwa homa, analia,
na jina lake limeshatokea kwenye kioo
kabla hajanyamaza.

Mimi nahesabu iliyorudi.
Ishirini.
Kumi na tisa.
Nasubiri, chai mkononi.
Ishirini.