Ijumaa Mbili za Sitka

Vassa anataka siku tu. Mwaka anao,
mwezi anao, na tarehe imelala kwenye kitabu cha ubatizo
kwa wino uliopauka kama chai ya maji ya pili:
tarehe saba Oktoba, elfu moja mia nane sitini na saba.
Mtoto wa kike. Mama, Ustinya. Baba, mpasua mbao.
Jina, Paraskeva.

Msalaba wa mbao umeoza. Mchonga jiwe anangoja,
anatoza kwa herufi,
na mvua ya Sitka haijui likizo.

Basi anakaa mezani na kalamu ya risasi.
Kalenda ya Warusi ilikuwa nyuma siku kumi na mbili:
saba na kumi na mbili, kumi na tisa.
Anaitafuta kumi na tisa kwa hesabu ya leo: Jumamosi.
Rahisi. Anafunga daftari.

Anafungua tena.
Kwani bibi yake, binti wa Paraskeva, alikuwa akiapa
kwamba mama yake alizaliwa Ijumaa,
siku ile bendera ya tai ilipogoma kushuka,
ikajisokota mlingotini, askari akapandishwa kwa kamba
kuibandua, nayo ikaangukia singe za wenzake.
Isitoshe, jina lenyewe,
kwa Kigiriki cha kanisani, ni Ijumaa.

Na bendera, vitabu vyote vinakiri,
ilishuka tarehe kumi na nane.

Imepotea siku nzima. Siku si chenji,
haidondoki kwenye tundu la mfuko.

Ni usiku wa manane anapoukumbuka ule mstari wa baharini.
Warusi walikuja wakielekea mashariki, kutoka Siberia,
na siku zao begani, hawakuzirekebisha njiani.
Wamarekani walitoka upande wa pili na zao.
Kisiwani hapa zikakutana,
moja imeitangulia nyingine kwa usiku mmoja.
Basi: ongeza kumi na mbili, toa moja.
Saba inakuwa kumi na nane.
Jumamosi inarudi kuwa Ijumaa.

Mji ulilala Ijumaa, tarehe sita,
ukaamka Ijumaa, tarehe kumi na nane.

Lugha yangu isingeshtuka. Sisi tuna tano mbili
ndani ya wiki moja, Jumatano na Alhamisi,
moja ya kwetu, moja ya Kiarabu,
zimepanga vyumba ukuta kwa ukuta
na sijawahi kusikia zikigombea namba.

Na jina je? Vassa anahesabu kwa vidole.
Mtoto hupewa jina siku ya nane.
Saba, nane, tisa… kidole cha nane kinaangukia kumi na nne,
sikukuu ya mtakatifu Paraskeva kwa kalenda ya kale.
Kumbe jina lilitoka kwenye tarehe, halikutoka kwenye siku!
Bibi alisema kweli
kwa sababu isiyokuwa kweli.
Vassa anacheka peke yake jikoni, hadi paka anahama.

Kisha anamfikiria Ustinya.
Ijumaa ya kwanza alifua shuka, akazianika ndani,
jioni uchungu ukamshika.
Ijumaa ya pili, alasiri, alijifungua
mizinga ikipigwa kule juu, wala si kwa ajili yake.
Kwa tarehe, uchungu ule ulichukua siku kumi na mbili.
Kwa siku za wiki, haukuchukua hata moja.
Yeye alijua ni usiku mmoja, na urefu wake
hakumwachia mtu auhesabu.

Asubuhi simu inalia kwa mchonga jiwe.
"Ijumaa," anasema Vassa.
"Tarehe?"
Kimya. Matone kwenye bati.
"Saba."
Anasikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.
"Nimeangalia kalenda zote mbili, dada. Haziendani."
"Najua," anasema. "Chonga."