Pasipo na Dole

Tulikutana Newala, chumba cha nyuma cha duka la salfa,
watu wanne, kompyuta tatu, jenereta ya kuazima,
kuchagua mahali pa kuziweka kasoro.

Maana programu yetu ya mizani ni huria,
msimbo wake uko wazi kama uwanja wa mnada,
asome atakaye, arekebishe awezaye,
ila malalamiko yake yalilala popote:
mengine kwenye simu ya Mfaume, iliyozama chooni Machi,
mengine nyuma ya stakabadhi,
moja kwa mkaa, ukutani mwa ghala la Mnyambe:
GUNIA LANGU LILIKUWA THEMANINI NA MBILI.

Likwati alikuja na mfumo wa wakubwa.
Una rangi, una mishale, una vidirisha vinavyozaa vidirisha.
Tukausubiri ufunguke. Duara likazunguka.
Tukanywa chai. Likazunguka.
Siwema akauliza: na mwaka wa pili, bei gani?
Likwati akashuka hadi chini kabisa, kwenye maandishi ya sisimizi,
akasoma,
akaifunga kompyuta taratibu
kama mtu anayerudisha kifuniko cha chungu cha jirani.

Wa pili ulikuwa mwepesi, huria kama sisi,
unakaa kwenye seva yetu wenyewe, ile ya chini ya meza.
Lakini ulitaka kila mlalamikaji awe na barua pepe
na neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu.
Nikamfikiria Bi Nangumbi wa Mkunya,
anayekariri kilo zake njia nzima zisije zikapungua kinywani.
Tumwambie aongeze alama ya ajabu?

Wa tatu ulikuwa wangu. Nakiri, niliuandikia hotuba.
Sikuifikisha nusu.

Somoe, karani wa mizani, tuliyemwalika kwa adabu tu,
alitoa kwapani kaunta buku.
Mistari ya rula. Tarehe, nani kasema, nini, kakabidhiwa nani.
Misimu mitatu, kasoro mia mbili na kumi na tatu.
Namba 9: nukta imeruka, kilo 80 zimekuwa 8.
Namba 41: risiti inatoka na jina la mtu mwingine.
Namba 42: fundi kasema Jumatatu.
Namba 43: Jumatatu ipi?

Fundi ni mimi.

Safu ya mwisho haikuwa na jina,
ilikuwa na madole gumba, wino wa zambarau.
"Hapa ndipo inapokwisha," akasema.
"Simalizi mimi, hamalizi fundi.
Aliyeileta akiona kilo zake zimekaa, ndiye anapiga dole.
Pasipo na dole hapajaisha, hata mkicheka."

Hatukucheka. Nilihesabu mapengo: sitini na moja.
Nikaurudia mfumo wangu, nikatafuta kitufe cha kufunga.
Kipo, chekundu, kizuri.
Nani anakibonyeza? Fundi peke yake.
Nikauacha. Uliniuma kidogo, sitaficha.

Tukachukua ule mwepesi.
"Si msimbo wake tunao?" Siwema akasema, na kabla ya adhuhuri
alishang'oa neno la siri,
akaweka namba ya kupokea ujumbe wa simu ya kitochi,
na palipoandikwa *imefungwa* akaweka swali:
Kilo zako zimekaa?

Likwati alitaka tuanze na namba moja, ukurasa safi.
Somoe alimtazama tu.

Alasiri ukungu ukapanda kutoka bondeni,
jenereta ikakohoa, ikaamua kuendelea,
tiketi ya kwanza ikaingia, ya Mnyambe:

Namba 214.
Themanini na mbili.
Ukuta wameupaka rangi. Mimi bado nipo.