Muosha Vikombe

Mume wangu Nyiro alikuwa muosha vikombe.
Si vya chai. Vile vya kauri, vya hudhurungi,
vinavyoning'inia kwenye nguzo kubwa za stima
kutoka Changamwe hadi huku kwetu Mtopanga.
Miaka kumi na tisa, kila Februari,
alipanda na mpira wa maji, akavitoa chumvi.

Nikimtania: ya shirika unayaosha,
na vyangu karaini vinanuka uji!
Hucheka, akanipa kiganja. "Onja."
Chumvi tupu.
"Hii ndiyo ilayo stima. Si radi."

Mimi nilidhani radi. Nani asingedhani?
Tufani hujitangaza, hung'oa mabati ya Mama Kadzo
ikayatupa msikitini.
Lakini Nyiro aliiita rafiki, mvua kubwa:
huosha bure, haidai marupurupu.
La kuogopa ni manyunyu,
yale ya kwanza, kaskazi ikishapuliza bahari miezi mitatu,
rasharasha isiyolowesha hata leso kambani.
Chumvi huyanywa, ikalainika, ikawa njia.
Na stima ni mtoto aliyetumwa dukani:
ikiona kichochoro, haifuati barabara.

Mwaka huu gari la kuoshea liliachwa juu ya mawe.
Barua ilikuja, mistari minne na muhuri.
Februari ikapita, Machi ikapita,
naye kibarazani akizitazama nguzo
kama mtu amwonaye mtalaka wake sokoni
na hana wa kumsindikiza.

Usiku ule hata mvua haikuwa mvua. Harufu tu.
Nyiro akaketi kitandani: "Sikiza."
Juu ya nguzo, mlio wa samaki akitiwa mafutani.
Akahesabu kwa vidole.
Kwenye saba dirisha likawa samawati,
na Mtopanga ikazimika, na Kisauni, na ng'ambo ya maji.
Feni ikazunguka mara mbili tatu kwa mazoea,
ikakumbuka, ikasimama.

Siku nne.
Jenereta za mahoteli zilinguruma kama walioshiba.
Zuhura akagawa samaki wa friza mtaa mzima, bure,
akilia na kutukana kwa zamu.
Sindano za sukari za Bi Mwanashee tulizilaza mtungini,
tukibadilisha kitambaa kila baada ya sala.
Vijana walimpigia Nyiro simu: Mzee, tuanzie wapi?
Akawaambia, nguzo kwa nguzo, kwa kumbukumbu,
hadi simu yake nayo ikafa.

Siku ya nne ikaja mvua yenyewe,
ile ya kupiga magoti mwa nyumba.
Alisimama mlangoni, kalowa shati.
"Imenipokonya kazi," akasema. Sikujua kama anacheka.

Kisha akaingia jikoni, gizani,
nikasikia maji.
Aliviosha vikombe vyangu vyote, hata visivyotumika,
na cha mwisho, kabla ya kukiweka,
akakilamba ukingo.