Vidole Vitatu

Jumamosi, Kyarumba. Ukungu haujaamua kuondoka.
Nimeziba magurudumu ya nyuma kwa mawe ya mtoni,
ndugu wa yale yaliyolikwangua tumbo la Prado
siku Nyamugasani ilipojaa
na mama yumo ndani, kadi ya kliniki mkononi kama tiketi.
Mto ulitugonga kwa chini, ukatuambia:
gari lenu fupi.

Springi nne zimetoka Kampala kwa basi,
ndani ya gunia la kahawa, bado zanuka rangi.
Nimezilipia kwa msimu mzima,
na deni dogo kwa Bwambale
ambaye haulizi, ila hupitapita.

Nati ya kwanza imekataa.
Kutu ya miaka kumi na minane
imeifanya mfupa mmoja na boliti yake.
Nimeinywesha dizeli tangu jana,
nimevisha spana bomba la maji,
nikaning'inia kwa uzito wangu wote,
uzito ambao Mbusa anasema ni wa mtu aliyelala njaa.
Cheka, ila shika tochi.
Ikalia kwiii, kama mlango wa kanisa katikati ya sala,
ikaachia.

Haraka haraka haina baraka:
aliyeyasema hayo
aliwahi kulala chini ya tani mbili
akasikia jeki ikishusha pumzi.

Springi ya zamani ikatoka imechoka kiuno.
Nikaisimamisha kando ya mpya.
Vidole vitatu. Kahawa yote ile, vidole vitatu.

Karatasi ya maelekezo ina picha mbili na mshale mmoja.
Haikusema kwamba ukiinua kimoja
vyote vilivyofungwa nacho huvutika:
paipu ya breki imekazika kama uzi wa kuanikia nguo.
Nikafungua kishikizo chake,
nikaipa nafasi ya kupumua.

Saa kumi na moja jeki ikashuka.
Gari likatua, kisha likakataa kutua zaidi,
limesimama kama bwana harusi ndani ya viatu vya kuazima.
Mbusa akapitisha sufuria chini ya difu,
akairudisha, akapiga mluzi.

Mama akatoka jikoni, unga wa muhogo hadi viwikoni.
Akalizunguka.
Akainua mguu wa kulia, ule wenye goti bovu;
ukafika unapofika kila Jumatatu,
chini ya ukingo wa mlango, ukagoma.
Akajaribu tena.
"Kabugho," akasema, "mmemwinulia nani? Mimi, au mto?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na springi nne kuukuu, waya, na ubao wa mkaratusi.

Jumatatu, kabla jua halijapanda milima,
akakanyaga ubao, mkono begani mwangu.
Springi zilizobeba tani mbili
hazikumhisi kabisa.
Mbusa akakitupa kidaraja nyuma ya kiti,
na njia nzima, hadi ng'ambo ya mto,
kiligongagonga.