Utepe

Faina Lukinichna aliileta ndani ya soksi ya sufu,
soksi moja, ya mguu wa kushoto, akasema:
"Maikrofoni ya mama. Inakohoa."

Nje, Tula ilikuwa imeganda hadi mifereji,
na dukani kwangu samavari ilinung'unika peke yake
kama mtu anayehesabu madeni.
Niliipokea kwa mikono miwili.
Nzito. Chuma cha siku zile hakikupimwa kwa gramu,
kilipimwa kwa aibu ya fundi:
hakuna aliyetaka kazi yake imvunjikie mtu mikononi.

Miaka thelathini na moja ilikaa mezani kituoni,
chumba namba tatu, dirisha linalotazama reli,
na Kapitolina akiiambia kila alfajiri
treni ya Kaluga imechelewa, treni ya Yelets inaingia,
ondokeni ukingoni, shikeni watoto mikono.
Iliangushwa mara mbili. Mara moja na paka.
Ilimwagiwa chai. Paa likaivujia msimu mzima wa theluji.
Nchi ikabadili jina, wimbo na noti;
yenyewe ikabadilishiwa waya tu.

Nikafungua skrubu nne.
Vya siku hizi havina skrubu, vimefungwa kwa gundi,
vikifa vimekufa, unasukuma droo unanunua kingine.
Hii iliundwa na mtu aliyejua
kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua,
akamwachia nafasi ya kupitisha bisbisi
na, ndani ya kifuniko, kwa penseli,
tarehe na herufi mbili za jina.
Nikapiga hodi moyoni ndipo nikaingia.

Na huko ndani, kati ya sumaku mbili,
ndipo pananichekesha kila mara:
gamba lote hili, uzito wote huu,
kumbe linalindwa jambo moja, utepe wa alumini
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Ukipiga chafya, umeukata.
Nilibana pumzi.

Utepe ulikuwa mzima.
Juu yake utando, rangi ya chai iliyolala:
mvuke wa kinywa, vitone vya mate,
moshi wa sigara za walinzi wa reli,
chembe nyekundu, nadhani ya rangi ya midomo.
Tabaka juu ya tabaka, Kapitolina.
Ndicho kikohozi chenyewe.

Nikampigia Faina simu.
Nikamwambia, nikiupitishia spiriti kwa unyoya,
sauti itatoka safi, kama maji ya theluji.
Kimya. Nikasikia bomba la jikoni kwake linavuja.
"Na ukisafisha, yeye anakwenda wapi?"

Mimi ni fundi. Nina bei ya waya, bei ya utepe mpya.
Swali hilo halimo kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni.
Nilitaka kumwambia kwamba kifaa hiki hakina kumbukumbu,
hakikuweka akiba hata neno moja,
kila treni ilipita humo ikaenda zake,
na labda ndiyo maana hakikuchoka.
Sikusema. Mbele yangu, chini ya taa,
ule utando ulikuwa unanikanusha.

Basi nimeuacha. Nimebadili waya,
nimelehemu upya kiungo kimoja kilicholegea,
nimefunga skrubu nne, kila moja kwenye tundu lake,
na chini ya zile herufi mbili
nikaandika zangu, kwa penseli vilevile.

Ikabaki kuijaribu.
Siku zote husema moja, mbili, moja, mbili.
Jana usiku, mlango umefungwa, niliisogelea,
na kabla sijajua mdomo unanipeleka wapi
nikasema polepole: "Treni ya Yelets inaingia.
Shikeni watoto mikono."

Kwenye spika za masikioni sauti ilirudi,
yangu, sina shaka, lakini na ukungu kidogo,
kama vile kiti nilichokalia
kilikuwa bado na joto la mtu.

Mwishoni ikakohoa.
Nikaizima. Nikaitafutia soksi yake.